Kuumia wakati wa tendo la ndoa: ukiwa Tabora, uanzie mlango upi?

Mtoto wangu wa pili alipofikisha miezi saba nilikuwa nimeshachomwa sindano kumi na nne. Nilizihesabu, maana kila moja niliilipia. Kila nilipokwenda kwenye kile kituo nikaeleza kwamba naumia nikikutana na mume wangu, nilipewa kikopo, nikaingia chooni, majibu yakarudi yaleyale: UTI. Baadaye ikapandishwa cheo, ikawa "UTI sugu". Hakuna hata mmoja aliyeniambia nipande kitandani aniangalie.

Aliyenipandisha ni muuguzi mkunga wa sehemu nyingine kabisa, siku nimempeleka mwanangu chanjo. Alichukua kijiti chenye pamba nchani, akakilowesha, akaanza kugusa taratibu kuuzunguka mlango wa uke. "Hapa, mama?" Hapana. "Hapa?" Hapana. "Na hapa?" Niliruka nusura nidondoke. Lilikuwa kovu la kuongezewa njia, yaani pale nilipokatwa wakati wa kujifungua ili mtoto apite. Akaandika kwenye daftari langu "kovu, saa 7", na mimi na machozi yangu nikacheka, maana kwetu saa saba ni saa ya ugali. Kumbe wao husoma namba ilipo kwenye uso wa saa. Kazi yote haikufika dakika mbili.

Tangu siku hiyo wanawake wenzangu huniuliza sana, na swali lao la kwanza huwa "niende wapi?" Duka la dawa? Kwa bibi wa mitishamba? Zahanati ya kata? Kule kwenye kibao cha ultrasaundi? Hospitali ya mkoa, Kitete? Au nijikusanye nipande basi la Nkinga kwenye hospitali ya misheni, au la Mwanza kabisa kwenda hospitali ya kanda, Bugando? Mimi naona hilo ni swali la pili. La kwanza ni "unaumia wapi?", kwa sababu jibu lake ndilo linalokuchagulia mlango, na ndilo linalokuokolea nauli.

Mlangoni au ndani

Maumivu ya mlangoni hukupata mwanzoni tu, mume anapoanza kuingia. Huchoma, hukwaruza, au huwaka kama umeshika pilipili, na ukikojoa baadaye pale panawasha. Maumivu ya ndani huja akishaingia, hasa akienda kwa kina. Ni kama kitu kinagongwa, chini ya kitovu au kwenye nyonga, na yanaweza kubaki saa nzima au kukuamkia kesho yake.

Jipime mwenyewe ukiwa umetulia. Nawa mikono, ingiza kidole kimoja taratibu. Kikiuma palepale mwanzoni, tatizo liko mlangoni. Kisipouma, ila kuna mkao mmoja tu unaokutoa machozi ukiwa na mumeo, tatizo liko ndani. Wapo wenye yote mawili, na wapo ambao maumivu ya mlangoni yamewazoesha kukaza misuli mpaka na nyonga ikaanza kuuma. Hata hao, wajiulize yalianzia wapi.

Ya mlangoni nayo hayafanani. Ukavu hauna harufu wala uchafu, ni msuguano tu. Huwapata wanaonyonyesha na waliokoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni hushuka nyakati zote mbili na ngozi ya uke hukonda. Humpata pia asiyeandaliwa, na huyu ndiye ninayekutana naye kuliko wote. Mume karudi saa tano usiku, mke kalala, shughuli imekwisha kabla mwili wa mke haujajua kama imeanza. Hapo hakuna ugonjwa wa kupima. Kuna mazungumzo ya kufanya, na kuna jeli ya maji ya kulainisha, ambayo famasi za mjini zinayo. Mafuta ya nazi huwafaa baadhi ya watu, lakini kumbuka kwamba mafuta ya aina yoyote huifanya kondomu ya mpira ichanike. Aliyekoma hedhi akiona jeli haitoshi, ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, ila hiyo aandikiwe na daktari, asiichukue kwa kuelekezwa na jirani.

Fangasi huwasha kabla hata ya tendo, na uchafu wake ni mweupe mzito kama maziwa mgando, bila harufu kali. Uchafu wa njano au kijani, wenye povu na harufu, ni kitu kingine. Mara nyingi ni trikomona, na hiyo mnatibiwa wawili, la sivyo mtaipokezana mpaka mchoke. Vidonda vidogo vinavyouma kama moto ni malengelenge ya sehemu za siri. Uvimbe wa upande mmoja wa mlango unaokua haraka na kuuma ukikaa ni jipu la tezi, na hilo hupasuliwa, halisubiri vidonge. Halafu kuna makovu kama langu: ya kuongezewa njia, ya kuchanika wakati wa kujifungua, na ya waliokeketwa wakiwa wadogo.

Mwisho kuna misuli inayojifunga. Mwanamke anamtaka mumewe, lakini akikaribiwa tu misuli ya kuuzunguka uke inakaza yenyewe, kama jicho linavyofumba likiona mdudu anakuja. Hakukusudia. Wengine imewaanza tangu usiku wa harusi na hata kidole hakiingii. Wengine imewaanza baada ya uzazi mgumu, maambukizi yaliyouma sana, au kulazimishwa. Huyu ndiye anayeambiwa ana jini mahaba. Nitamrudia.

Ya ndani: majina manne yanayochanganywa

Ukienda mahali ukasema naumia ndani, Tabora hii utatoka na jina moja kati ya mawili: UTI au PID. Huenda ni kweli. Ila kuna mengine mawili matatu yanayofanana nayo, na dawa zake ni mbali kabisa.

PID ni maambukizi yaliyopanda kutoka ukeni hadi kwenye kizazi na mirija. Mara nyingi chanzo ni klamidia au kisonono, au uchafu ulioingia mimba ilipoharibika au wakati wa kujifungua. Dalili zake ni za wiki au miezi michache: chini ya kitovu panauma pande zote mbili, uchafu una harufu, pengine kuna homa na damu kidogo baada ya tendo. Hakuna kipimo kimoja kinachosema "hii ni PID". Anayejua kazi yake huingiza vidole viwili vyenye glavu na kuutikisa mlango wa kizazi, na mwenye PID hupiga kelele. Kwa hiyo mtu akikupa jina hilo bila kukugusa, amekisia. Dawa zake ni mchanganyiko wa antibayotiki, si moja, na za kumeza huenda hadi siku 14. Siku ya tatu unapaswa uwe umeona nafuu. Usipoiona, rudi ulikotoka, usiongeze dozi nyingine ya dukani. Na mumeo ameze zake. PID iliyoachwa huziba mirija, na mirija ikiziba ndipo panapokuja ugumba na mimba iliyotungwa nje ya kizazi.

Endometriosisi haiambukizwi wala haisababishwi na uchafu. Ni tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi ikaota nje ya kizazi, kwenye nyonga, kwenye vifuko vya mayai, hata karibu na utumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba huwapata takribani asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, lakini hapa kwetu utaishi miaka mingi kabla ya kulisikia jina hilo. Alama yake ni hedhi. Tangu usichana hedhi ilikuwa inakulaza kitandani, siku hizo hata kwenda haja kubwa kunauma, na tendo linauma kwa ndani hasa hedhi ikikaribia. Mwenye PID akimeza dawa zake vizuri hupona. Mwenye endometriosisi humeza za PID mara tano, akapata nafuu ya wiki moja pengine kwa bahati tu, akarudi palepale. Ukijiona wewe ni huyo wa mara tano, acha kununua ya sita.

Uvimbe wa kizazi, yaani fibroidi, ndio unaosingiziwa kuliko yote. Ultrasaundi ikiona kauvimbe kadogo, basi kila kitu kinawekwa juu yake. Fibroidi nyingi hazina maumivu. Zinazosumbua huja na hedhi nyingi ya mabonge, tumbo kujaa, na kukojoa mara kwa mara kwa sababu kibofu kimebanwa. Kama hedhi yako ni ya kawaida na uvimbe ni wa sentimita mbili, muulize daktari bila aibu kama kweli huo ndio unaouma. Vivyo hivyo ukiambiwa kizazi "kimegeuka nyuma": karibu mwanamke mmoja kati ya watano kizazi chake kimelala hivyo na anazaa bila shida yoyote.

La nne ni kichocho. Hapa nawaomba wa Igunga, Nzega, na popote penye majaruba ya mpunga na malambo msiruke mstari. Tunakijua kichocho cha kukojoa damu utotoni. Tulipewa vidonge shuleni tukapangwa mstari. Wengi hawajui kwamba mayai ya minyoo ileile hayaishii kwenye kibofu. Hukwama pia kwenye kuta za uke na mlango wa kizazi, yakafanya mabaka kama punje za mchanga, na mabaka hayo huuma, hutoa uchafu, na huvuja damu baada ya tendo. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana milioni 56 barani Afrika wanacho. Kwa macho ya haraka kinafanana na ugonjwa wa zinaa, na hapo ndoa huanza kuyumba: mke anatuhumiwa, mume anatuhumiwa, kumbe aliyeleta ni konokono wa lambo. Mkojo unaweza kuwa safi kabisa na bado kichocho kikawa ukeni, kwa hiyo mpimaji lazima aangalie mlango wa kizazi kwa kile kifaa cha kufungulia uke. Dawa ni prazikwanteli, inayopimwa kwa uzito wako. Inaua minyoo, ila makovu ya miaka mingi huenda yasiondoke yote, na hiyo ndiyo sababu ya kuwahi. Usiache pia: ngozi yenye vidonda hivyo humrahisishia VVU njia ya kuingia.

Sema basi kwa mpimaji, hata kama hajakuuliza: "Nimekulia kwenye majaruba, nilikuwa naoga lamboni." Sentensi hiyo inaweza kubadilisha safari nzima.

Mkono kwanza au ultrasaundi kwanza?

Nenda mjini, kuanzia stendi mpaka sokoni, uhesabu vibao vya ultrasaundi. Havina kosa, kipimo chenyewe ni kizuri. Tatizo ni mpangilio. Mtu anaumwa, anapita moja kwa moja kwenye picha, anatoka na karatasi yenye maneno "majimaji kidogo nyuma ya kizazi", anaipeleka duka la dawa, anauziwa dozi. Majimaji kidogo mwanamke mwenye hedhi huwa nayo hata akiwa mzima.

Ultrasaundi inaona fibroidi, inaona uvimbe maji kwenye kifuko cha mayai, inaona mimba na mahali ilipo. Ukavu haiuoni, wala kovu, wala misuli iliyokaza, wala kichocho cha ukeni. PID changa haiioni. Endometriosisi iliyotandaa kama ukungu mara nyingi haiioni pia, kwa hiyo picha safi si ushahidi kwamba unajidai. Mkono na macho ya mkunga vinaona mengi ya yale ambayo mashine haiyaoni, na mkunga ndiye atakayesema kama mashine inahitajika. Mimi nachagua mkono kwanza, kila mara, isipokuwa kama kuna wasiwasi wa mimba nje ya kizazi. Ikifika zamu ya picha, uliza kama watapima kwa juu ya tumbo au kwa ukeni. Ya ukeni huona karibu zaidi, na una haki ya kuikataa kama huwezi kuistahimili.

Milango yenyewe

| Mlango | Utakachokipata | Kinachokosekana | Unamfaa nani |
|---|---|---|---|
| Duka la dawa muhimu, famasi | Jeli, dawa ya fangasi ya kuweka ukeni, kipimo cha mimba | Kitanda na faragha | Mwenye ukavu, au fangasi anayoitambua |
| Zahanati, kituo cha afya | Mkunga, kukaguliwa, mkojo, vipimo vya VVU na kaswende, uzazi wa mpango | Daktari bingwa | Karibu wote wenye maumivu ya mlangoni. Na wa ndani kwa mara ya kwanza |
| Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete | Madaktari wa wanawake, ultrasaundi, chumba cha upasuaji | Haraka | Wa ndani aliyetibiwa mara moja asipone; anayevuja damu |
| Hospitali za misheni: Nkinga (Igunga), Ndala (Nzega) | Hospitali kamili karibu na wa vijijini | Unafuu wa nauli kwa wa mjini | Wa Igunga na Nzega, badala ya kuja mjini |
| Bugando, Mwanza | Mabingwa wa ngazi ya kanda, matibabu ya saratani | Ukaribu, na bei ya kulala ugenini | Mwenye barua ya rufaa |

Jedwali halisemi yote. Duka la dawa, kwa mfano, silidharau. Yule dada wa kaunta amewahi kunisaidia kuliko wenye makoti. Lakini simama pale Jumamosi, nyuma yako kuna kijana anataka kondomu na mzee anataka dawa ya kikohozi, halafu ueleze unaumia wapi. Utanong'ona "nina UTI" ili yaishe, naye atakupa dawa ya UTI. Ukimaliza dozi moja ya fangasi na ikarudi ndani ya wiki chache, usirudi kaunta. Kapime sukari na VVU, maana hivyo viwili huirudisha.

Zahanati ina sifa mbaya isiyoistahili yote. Ndiyo, utakuta benchi limejaa, na pengine anayeandika ni kijana wa umri wa mdogo wako wa mwisho. Lakini wakunga wa pale wamewaangalia wanawake wengi kuliko mtu mwingine yeyote katika kata. Ujanja wangu: usiende siku ya kliniki ya watoto. Nenda siku tulivu, mchana baada ya foleni ya asubuhi kupungua, umuulizie mkunga. Na kama una kadi ya bima, huko ndiko pa kuanzia, kwa sababu ukiruka ngazi bila barua ya rufaa unaweza kujikuta unalipa mwenyewe.

Ukiwa na umri wa miaka 30 hadi 50 na mnakaribia kumalizana, omba jambo la ziada: kuangaliwa saratani ya mlango wa kizazi kwa siki. Wanapaka siki, wanasubiri dakika moja, palipobadilika kuwa peupe wanapatambua. Vituo vingi vya afya na hospitali hufanya. Wenye VVU huanza mapema zaidi. Saratani hiyo mwanzoni haiumi. Hutoa damu baada ya tendo, na damu hiyo ndiyo watu huiita "kukwaruzwa". Mabinti zetu wamekuwa wakipewa chanjo yake tangu 2018, sisi mama zao tuna siki.

Mwenye dalili za endometriosisi asikate tamaa kwa sababu Bugando ni mbali. Zamani ilisemwa lazima upasuliwe ndipo ijulikane. Siku hizi daktari anaweza kuanza matibabu kwa kusikiliza historia yako na kukupima, na dawa za kwanza ni zilezile za homoni zinazotolewa kwenye dirisha la uzazi wa mpango, ambazo hutuliza hedhi na maumivu yake. Kama hutafuti mimba sasa, jaribio hilo linaweza kufanyika hapahapa kwa miezi michache kabla ya kufikiria basi la alfajiri. Ukiwa unatafuta mtoto, habari inabadilika, na hapo bingwa anahitajika mapema.

Mitishamba, "kusafisha kizazi" na jini mahaba

Nimelelewa na bibi aliyejua miti, kwa hiyo sitawacheka. Kuna waganga waliosajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, na wapo wanaojua kusema "hili si langu, nenda hospitali". Wao wana neno moja pana, chango, ambalo hubeba hedhi yenye maumivu, kukosa mtoto na kuumia tendoni. Ubaya wa neno pana ni huo upana: PID, kichocho na endometriosisi zote zinaingia kwenye chungu kimoja.

Mstari wangu mimi ni huu: cha kunywa tutajadiliana, cha kuingiza ukeni hapana. Shabu ya kubana, ndimu, ugoro, vidonge vya "kusafisha kizazi" vinavyouzwa kwenye simu, vijifuko vyenye uzi, vyote hivyo huchubua. Uke hujisafisha wenyewe. Ukiona vipande vya ngozi vinatoka baada ya kijifuko, muuzaji atakuambia ndio uchafu uliokuwa umeganda. Ni ngozi yako iliyoungua. Mwanamke mkavu anaingiza shabu ili awe "mbichi" kwa mume, anakauka zaidi, anaumia zaidi, anaongeza shabu. Nimeona hilo kwa mtu wa karibu sana.

Sasa yule wa jini mahaba. Wazee wetu hawakuwa wajinga: waliona mwanamke mzima, hana kidonda, hana uchafu, lakini mwili unamkataa mume, wakatafuta jina. Linganisha tu wanachofanyiwa. Kwa mganga atafukizwa, pengine atashikwa kwa nguvu, na hofu itaongezeka, na misuli hii chakula chake ni hofu. Kwa mkunga au mshauri anayejua, atafundishwa kuitambua misuli yenyewe (ni ileile unayoibana kuzuia mkojo), aibane na kuiachia akipumua, kisha aanze na ncha ya kidole chake mwenyewe chenye jeli, siku akiweza aongeze, bila mume kuingia kabisa kwa wiki kadhaa. Ni kazi ya taratibu na inafanikiwa. Kungwi mwenye busara anaweza kuwa msaada mkubwa hapa, maana ana muda na ana lugha. Kungwi wa "vumilia, ndiyo ndoa" mwepuke. Na kama mwili unakaza kwa sababu kuna mtu anakulazimisha, mazoezi hayatibu hilo. Zungumza na mkunga peke yako, au nenda dawati la jinsia la polisi.

Mume naye

Nilimficha wangu miezi mitano. Alidhani nimemchoka, akaanza kuchelewa kurudi. Nilipomweleza kwa kutumia lile neno "kovu", alitulia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Kovu analielewa, analo gotini la baiskeli. Tulisimama wiki sita. Kila usiku nilikanda pale kwa kidole gumba chenye mafuta, dakika tano, mwanzoni nikiuma meno. Tuliporudi tulitumia jeli, na mimi nilikuwa juu, maana mwanamke akiwa juu usukani anao yeye, kina na mwendo anachagua mwenyewe. Kulala ubavu pia huwasaidia wenye maumivu ya ndani. Makovu mengine hayasikii kukandwa na hurekebishwa kwa upasuaji mdogo, ila langu lilisikia.

Kwa mume ambaye mkewe ana PID au trikomona: dozi yake si hiari, na hakuna kukutana mpaka wote wawili mmemaliza.

Hapa usilinganishe, ondoka

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja, hasa kama hedhi imechelewa, ukiona damu, kizunguzungu, au bega linauma bila sababu: hiyo inaweza kuwa mimba nje ya kizazi. Maumivu ya ghafla na kutapika: kifuko cha mayai kinaweza kuwa kimejisokota. Homa kali na tumbo gumu. Damu nyingi baada ya tendo. Hizo ni za usiku huohuo, bodaboda au gari la jirani, hospitali iliyo karibu yenye chumba cha upasuaji.

Ukifika utasemaje

Beba tarehe ya hedhi yako ya mwisho na majina ya dawa zote ulizomeza, au maboksi yake. Usijisafishe ndani siku hiyo. Kama unaweza, usiende ukiwa kwenye hedhi. Mpimaji akiwa mwanaume, una haki ya kuomba muuguzi wa kike awepo chumbani.

Shoga yangu mmoja, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo, alishindwa kabisa kutamka. Alikaa kwenye kiti cha mgonjwa, akaulizwa anaumwa nini, akasema kichwa. Mara ya pili alikuja na karatasi aliyoandikiwa na binti yake wa kidato cha nne: "Naumia ndani wakati wa tendo la ndoa, mwaka wa pili sasa. Nimemeza dawa za PID mara tatu. Damu hutoka kidogo baadaye. Nilikulia jarubani Nzega. Naomba uniangalie." Daktari aliisoma, akaisoma tena, akainuka akafunga mlango, akaita muuguzi wa kike alete glavu.